Simu Inajuaje Ulipo?

Msikilizaji, dereva wa bodaboda anapofungua ramani kwenye simu, wengi hudhani setilaiti inamwangalia. Haimwangalii. Setilaiti za GPS, mfumo wa Marekani, hazina habari na simu yake. Kazi yao ni kutangaza tu, kama redio hii, na simu husikiliza.

Zinatangaza nini? Saa, na mahali zilipo, zikiwa kilomita 20,200 hivi juu ya ardhi. Mawimbi yake hukimbia karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Simu hupima yamechelewa kiasi gani njiani, ikapata umbali. Setilaiti tatu zingetosha kuonyesha mahali, lau saa ya simu ingekuwa sahihi. Lakini ni saa ya bei rahisi: ikikosea sehemu moja tu ya milioni ya sekunde, umbali unapotoka kwa mita 300. Ndiyo maana inatafutwa setilaiti ya nne, ili hesabu ilifichue na kosa la saa. Kwa mpigo mmoja simu hupata mahali na wakati.

Ninalolipenda zaidi ni hili: saa za atomu zilizo huko juu huzitangulia zetu kwa sehemu 38 za milioni ya sekunde kila siku, kama nadharia za Einstein zinavyotaka. Wahandisi huzirekebisha kabla hazijarushwa. Bila hivyo, kosa lingekua kwa kilomita kama 10 kwa siku.

Na bando? Kupokea mawimbi ya setilaiti hakuli bando. Kinachokula ni ramani. Ipakue kabla ya safari.