Sikukuu ya Jirani

Mwaka 2024 Pasaka iliangukia tarehe 31 Machi, katikati ya mwezi wa Ramadhani. Katika mitaa kama Kiamunyi hapa Nakuru, ambako watu wa imani tofauti wanaishi ua kwa ua, majira kama hayo huzua swali: je, kushiriki sikukuu ya mwenzako ni kuipunguza imani yako? Nasema hapana, na sheria imetutangulia. Idd-ul-Fitr ni mapumziko ya Wakenya wote, sawa na Krismasi, na Katiba ya 2010 inasema hakuna dini ya taifa.

Wapo wanaohofia imani kuchanganywa. Hofu hiyo naiheshimu. Asisukumwe mtu kusali sala asiyoiamini. Lakini sahani ya pilau inayovuka ua si sala. Na Mkristo akimwomba jirani Mwislamu amchinjie mbuzi wa Krismasi, nyama huliwa na wote, wala hakuna aliyeyaacha mafundisho yake. Wengine watasema huo ni ukarimu wa juu juu tu. Wakumbuke Desemba 2015, siku chache kabla ya Krismasi, wanamgambo wa Al-Shabaab walipovamia basi huko Mandera. Abiria Waislamu walikataa kutenganishwa na Wakristo, wanawake wakawapa wenzao hijabu wajifunike. Abiria mmoja Mwislamu, mwalimu Salah Farah, alipigwa risasi, akafariki mwezi uliofuata. Moyo wa namna hiyo hauzaliwi siku ya shambulio. Hulelewa na mazoea ya miaka. Ndiyo maana inanisikitisha kwamba sheria inazitaja Idd-ul-Azha na Diwali kwa waumini wa dini husika pekee. Shule na waajiri wa Nakuru wanaweza kuziweka kwenye kalenda zao bila kulingoja Bunge.