Rangi ya Habu na Pumzi ya Fundi

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa kazi za chuma na rangi, Nairobi)



Tuliombwa tuseme juu ya habu za pikipiki za zamani, yaani kile kitovu cha gurudumu kinachoshika spoki na kubeba dramu ya breki. Labda mtu atauliza, Chama kina haja gani na habu? Haja ipo. Kazi hii huja mikononi mwetu, tangu vichochoro vya Barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee wetu waliijua kwa jina la Grogan, mpaka vibanda vya Dagoretti Corner na Kawangware. Wenye BSA, Triumph, Norton na Matchless wanataka mashine zao zirudi kama zilivyotoka kiwandani, na wako wanaozipeleka kwenye mashindano ya Concours d'Elegance katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, mashindano yaliyojulikana hapa tangu miaka ya 1970. Mwenye mashine huuliza jambo moja tu: "Fundi, rangi gani itadumu?" Nasi twataka kila fundi ajiulize la pili: na mapafu yangu yatadumu?

Tazameni habu hizi mbili zilizo mezani. Hii nyeusi ni ya chuma. Habu za namna hii zilipakwa kiwandani rangi nyeusi ya kuokwa kwenye tanuri. Hii nyingine ni ya alumini, namna iliyoenea zaidi katika miaka ya 1950, na ndani yake mmetiwa pete ya chuma ambayo viatu vya breki husugua. Msizitendee sawa.

Kabla ya rangi kuna kufungua, na hapo ndipo hatari ya kwanza. Viatu vya breki vya miaka ile vilitengenezwa kwa asbesto. Lile vumbi jeusi lililomo ndani ya dramu, ambalo vijana wetu hulipuliza kwa kompresa huku wakicheka, lina nyuzi ndogo zisizoonekana kwa macho. Zikiingia mapafuni hazitoki, na ugonjwa wake waweza kukaa miaka 20 au 30 kabla haujajitokeza, wakati fundi amekwisha kurudi shambani na hakuna tajiri wa kumdai. Basi msipulize hata kidogo. Lowesheni kwa maji yenye sabuni, pangusheni kwa kitambaa, kisha kitambaa hicho mkifunge ndani ya mfuko kikiwa bado kibichi. Kazi yote ni ya dakika tano.

Kisha ni kuondoa rangi ya zamani. Wako wanaotumbukiza kila kitu katika kostiki soda. Kwa chuma ni sawa, mradi mikono na macho yamekingwa. Lakini habu ya alumini ikiingia humo huanza kuchemka na kutoa gesi inayoshika moto, na baada ya muda mtatoa kitu kilicholiwa kama muhindi uliobunguliwa. Kupuliza mchanga ni haraka zaidi, lakini mchanga wa mtoni ukipasuka hutoa vumbi la silika, nalo huua kama asbesto. Tumieni vipande vya chuma kwa habu ya chuma, na shanga ndogo za kioo kwa alumini, ndani ya sanduku lililofungwa.

Sasa rangi yenyewe.

Rangi ya kopo dogo la kupuliza ni rahisi, lakini petroli moja ya kuoshea mnyororo yaiyeyusha, na mawe ya barabara ya muramu huibandua. Mteja atarudi kabla mvua za masika hazijaisha.

Kromu inang'aa, na wako wateja wanaoitaka. Ndugu zetu wa kwenye mapipa ya kromu wanajua bei yake. Mvuke wa asidi ya kromu hutoboa ukuta wa pua, na wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameiweka katika kundi la vitu ambavyo hapana shaka vinaleta saratani. Tangu Septemba 2017 nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu kiwanda kuitumia asidi hiyo bila kibali maalum. Kadmiamu, iliyokuwa ikipakwa kwenye vyuma vya pikipiki nyingi za zamani, imo katika kundi lilo hilo. Mkiona kifaa cha zamani chenye rangi ya kijivu cha manjano, msikitie moto wa gesi kabla ya kujua ni nini.

Ile rangi ya makopo mawili, ya kuchanganywa na hadina, ni ngumu kweli, haiogopi petroli. Hatuisemi vibaya kwa ubora wake. Lakini katika nyingi ya rangi hizo hadina ina isosianeti, na ukungu wake ukivutwa huleta pumu ya kazini. Mtu akishapata pumu hiyo, tone dogo tu la ukungu laweza kumbana kifua, na kazi ya rangi imekwisha kwake. Kitambaa mdomoni hakizuii kitu. Inahitaji chumba cha rangi na barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira. Nani kati yetu anayo nyuma ya kibanda chake? Basi msiipulize kichochoroni, na tajiri akiwalazimisha, mkumbusheni kwamba Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamtaka yeye atoe vifaa vya kinga.

Kwa habu ya chuma sisi tunapendekeza rangi ya unga inayookwa. Viko viwanda hapa Nairobi vinavyoipaka kwenye fremu za madirisha, na habu kumi zikikusanywa pamoja na mafundi kadhaa, gharama hugawanyika. Haina thina wala hadina ya namna ile, nayo huokwa kwa joto la nyuzi 180 hadi 200 hivi, ikawa ngozi moja na chuma. Lakini kazi ya kuziba msiwaachie wao, maana mtu wa madirisha hajui habu. Toeni beringi na grisi yote. Zibeni kiti cha beringi, ndani ya dramu, na mahali pa ekseli. Halafu matundu ya spoki: unga huu hukaa mnene, sehemu 60 hadi 100 za elfu moja ya milimita. Vichwa vya spoki vikikalia unga huo, baada ya safari chache unabonyea, spoki zinalegea, na gurudumu linayumba. Yule anayeendesha kwenye mteremko wa Ngong Road hatajua kwamba kosa ni rangi. Zibeni matundu kwa vizibo vidogo vinavyostahimili joto, au msafishe kila tundu kwa mkono kabla ya kufunga.

Habu ya alumini iacheni bila rangi. Alumini hutanuka kuliko chuma, na ile pete ya breki yaweza kulegea ndani ya tanuri. Isugueni kwa msasa laini, ing'arishwe, ipakwe nta. Itafifia, ndiyo, lakini haina kitu cha kubanduka, na mwenye mashine atasugua mwenyewe Jumamosi. Asipotaka kusugua, anunue mashine mpya.

Juu ya malipo: andikeni kuoka, vizibo, barakoa na glavu kama sehemu ya bei, mbele ya mteja, kabla hamjashika spana. Mtu anayelipia taji la Concours aweza kulipia barakoa. Na baada ya maili 100 za kwanza mwambieni arudi mgonge spoki moja moja kwa spana. Inayolia nzito kuliko wenzake imelegea, ikazeni.