Jicho Linalotokeza Polepole

(Mazungumzo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti na wakazi wa Keroka)

Chifu, wazee wetu, akina mama na vijana, asanteni kwa kunialika Keroka, ambapo mtu huuza ndizi Nyamira na kununua sukari Kisii bila kupanda matatu.

Mimi si daktari. Kazi yangu ni kuwauliza madaktari na kuwaletea majibu. Leo ni ugonjwa wa nadra: uvimbe wa mishipa ya damu ndani ya tundu la jicho. Si saratani. Kwa watu wazima, hasa wanawake wa makamo, hukua nyuma ya jicho kwa miaka bila maumivu, ukilisukuma mbele kidogo kidogo. Wa nyumbani hawaoni. Anayeona ni mgeni aliyeondoka tangu Krismasi, na hapo minong'ono ya kurogwa huanza.

Hebu toa kitambulisho chako, ulinganishe macho ya pichani na ya leo. Hata daktari huomba picha ya zamani. Atapima uwezo wako wa kuona, na damu pia, kwa kuwa ugonjwa wa tezi ya shingo ndio husukuma macho mara nyingi zaidi. Kisha utapigwa picha ya CT au MRI.

Uvimbe mdogo usiosumbua huachwa, ukichunguzwa mara kwa mara. Ukibana mshipa wa fahamu wa jicho, hutolewa. Una ganda lake, hivyo mara nyingi hutoka mzima na ni nadra kurudi. Jicho lenyewe linabaki! Nasi ambao babu zetu ababari emetwe walipasua fuvu, tuogope upasuaji?

Kwa watoto wachanga hali ni tofauti. Uvimbe hukua haraka miezi ya kwanza, kisha hunywea wenyewe. Lakini ukifunika jicho, ubongo hauzoei kulitumia. Mwaka 2008 madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, waliripoti kuwa propranololi, dawa ya moyo na presha, huunywesha. Tafadhali, usimpe mtoto vidonge vya nyanya yake. Dawa hii inaweza kushusha sukari mwilini, na kipimo chake ni cha daktari.

Jicho likitokeza ghafla lenye maumivu au homa, au mboni ya mtoto ikimeta nyeupe kwenye picha ya simu, usingoje: nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mengine anzia zahanati, uombe rufaa kwa daktari wa macho, Nyamira au Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii. Huenda ukatumwa Nairobi. Hakikisha umesajiliwa SHA.

Maswali? Mama wa leso ya kijani, tuanze nawe.