Plagi Isiyoshikika kwa Moto

(Maneno ya mazungumzo juu ya umeme wa nyumbani)



Watu wengi huamini ya kuwa maadamu fyuzi haijakatika, umeme wa nyumbani hauna hatari. Imani hiyo si kamili, nayo huwafanya wengine kupuuza onyo lililo mbele yao.

Katika Kenya umeme wa nyumbani ni wa volti 240. Plagi ya miguu mitatu ya mraba, ambayo kanuni yake iliwekwa Uingereza mwaka 1947, huchukua ampea 13, yaani wati 3,000 na kidogo zaidi. Jiko la koili na birika la umeme, kila kimoja chaweza kutumia wati 2,000. Vyote viwili vikitiwa katika soketi moja, mzigo umezidi. Hata hivyo fyuzi ya ampea 13 yaweza kuuvumilia kwa muda mrefu, na huku soketi inaiva.

Iko na hatari nyingine ambayo fyuzi haiioni kabisa. Skrubu ishikayo waya ikilegea, au shaba ya ndani ya soketi ikiacha kubana, umeme hupita hapo kwa shida, na joto huzaliwa. Umeme wenyewe haukuzidi, kwa hiyo fyuzi hukaa kimya. Joto huharibu shaba, na shaba iliyoharibika huongeza joto, hata plastiki ikageuka rangi, ikayeyuka, na mwisho ikashika moto. Umeme upitao ukizidishwa mara mbili, joto la mahali hapo huzidi mara nne.

Basi mwenye nyumba na afanye hivi. Baada ya kupiga pasi au kupika, azime swichi, achomoe plagi, aiguse. Uvuguvugu si neno. Lakini ikiwa haishikiki, au inanuka, au imekuwa nyeusi, asiitumie tena, wala soketi yake, mpaka fundi mwenye leseni avitazame. Kununua plagi mpya na kuitia katika soketi iliyoungua ni kazi bure, kwani soketi hiyo itaiharibu nayo. Wala asitie kipande cha waya mahali pa fyuzi. Moto ukitokea, azime swichi kuu, asimwage maji.

Dalili ya mvua ni mawingu. Dalili ya nyumba kuungua yaweza kuwa plagi moja isiyoshikika.