Sura Takatifu juu ya Sanduku la Risasi

Leo twataka kuzungumza nanyi habari za mchoraji mmoja wa nchi ya Ukraine, iliyo upande wa mashariki wa Ulaya. Jina lake ni Oleksandr Klymenko. Mkewe, Sofia Atlantova, naye ni mchoraji, nao wameifanya kazi hii pamoja. Wawili hawa walichukua mbao za masanduku ya risasi, wakachora juu yake sura za watakatifu. Labda mtu atasema, "Kuchora juu ya sanduku kuukuu kuna ajabu gani?" Basi yatupasa kueleza kwanza desturi waliyoifuata, maana asiyeijua desturi hiyo ataona mbao tu.

Katika makanisa ya Waorthodoksi, yaani Wakristo wa Mashariki, mna picha takatifu ziitwazo ikoni. Hata kwetu Afrika ya Mashariki zimo, kwa kuwa Waorthodoksi wa Uganda na Kenya walipokewa rasmi na Patriaki wa Aleksandria mwaka 1946. Na katika nchi ya Misri, chini ya Mlima Sinai, iko monasteri ya Mtakatifu Katerina, ambamo zimehifadhiwa ikoni zilizochorwa tangu karne ya 6.

Ikoni haichorwi ovyo. Fundi huchagua ubao mkavu, na nyuma yake huukaza kwa vipande vya mti vilivyokingamishwa, usije ukapinda. Upande wa mbele hubandika kitambaa, kisha hupaka tabaka nyingi za chaki iliyochanganywa na gundi, na kuisugua hata iwe laini kabisa. Rangi zake ni unga wa udongo na wa mawe uliokorogwa kwa kiini cha yai. Nyuma ya kichwa cha mtakatifu hutia dhahabu. Mchoraji hatii kivuli, wala hatafuti sura mpya ya kuwashangaza watu. Hufuata mfano aliopokea kwa waliomtangulia, ili kila atazamaye atambue mara moja kwamba huyu ni Mariamu, na yule ni Mtakatifu Nikolao.

Si watu wote waikubalio desturi hii. Waislamu hawaweki picha katika ibada, na Wakristo wengi vilevile hawaziweki. Wakristo wa Mashariki wenyewe walishindana vikali juu ya jambo hili tangu mwaka 726 hata mwaka 843, na ikoni nyingi zikaharibiwa. Sisi hatukuja leo kuamua shauri hilo. Twataka mjue tu ya kuwa kwa watu wengi wa Ukraine ikoni si pambo la ukutani. Watu wa mji wa Kyiv walibatizwa mwaka 988, na tangu zamani hizo ikoni imekuwa mbele ya watu wakati wa arusi na wakati wa msiba.

Sasa twende kwenye vita. Mwaka 2014 Urusi iliitwaa rasi ya Krimea, na mapigano yakaanza katika majimbo ya mashariki ya Ukraine. Mwaka huohuo Klymenko aliyaona masanduku matupu ya risasi. Masanduku ya namna hii hata wazee wetu waliorudi kutoka Burma mwaka 1945 waliyajua: ni ya mbao, yenye bawaba na vifungo vya chuma, na risasi zikiisha hayana kazi tena ila kutupwa au kutiwa motoni. Klymenko alipokitazama kifuniko, aliona mbao zimeunganishwa pamoja, na vipande vya mti vimepigiliwa kwa kukingama, sawasawa na ubao wa ikoni. Ndipo alipoanza kuchora.

Angalieni sana jinsi alivyofanya. Sura hakuzibadili. Mama wa Yesu ana macho yaleyale ya huzuni, na mtoto yumo mikononi mwake kama alivyochorwa tangu kale. Kilichobadilika ni kile kilicho chini ya sura. Ubao haukufichwa ukaonekana mpya: mikwaruzo, matundu ya misumari na chuma cha kufungia huonekana kando ya uso mtakatifu. Angaliweza kuchora askari waliokufa, na watu wangalitazama kidogo wakapita, maana picha za maiti zimekuwa nyingi. Lakini mtu asimamapo mbele ya ikoni hii hujiuliza mwenyewe: vile vilivyokuwa ndani ya sanduku vilikwenda wapi, na vilimpata nani?

Tena kazi haikuishia katika kutazamwa. Ikoni hizi zilionyeshwa katika miji mingi ya Ulaya na ya Amerika ya Kaskazini, zikauzwa, na fedha zikapelekwa kwa hospitali ya waganga wa kujitolea iliyoanzishwa mwaka 2014. Waganga na wauguzi wa raia walitoka makwao kwa zamu, wakaenda karibu na mahali pa vita kuwatibu askari na wanavijiji. Hospitali hiyo ilipewa jina la Mykola Pirogov, mganga mkuu wa upasuaji wa karne ya 19, ambaye mwaka 1847 alikuwa miongoni mwa waganga wa kwanza kutumia dawa ya usingizi kwa majeruhi wa vita. Pirogov alizaliwa Moscow mwaka 1810, akafa mwaka 1881 karibu na mji wa Vinnytsia, katika nchi ambayo leo ni Ukraine. Klymenko na mkewe wameeleza kwamba nia yao ni kukigeuza kifo kiwe uzima, na hapa neno hilo si la fumbo. Ubao uliobeba risasi ulinunua dawa na bendeji.

Hata hivyo liko jambo moja gumu, wala hatupendi kuliruka. Askari wa Urusi na askari wa Ukraine wengi wao ni Waorthodoksi. Watakatifu wao ni walewale, na ikoni zao zafanana. Mwaka 2020 karibu na Moscow lilifunguliwa kanisa kubwa la majeshi ya Urusi, na katika ngazi zake kimetiwa chuma kilichoyeyushwa kutoka silaha za Wajerumani zilizotekwa katika Vita Kuu ya Pili. Huko nako silaha imeingia kanisani. Basi tofauti ni nini? Kule chuma kimewekwa ili kukumbusha ushindi, na adui aliyeshindwa akanyagwe. Juu ya ubao wa Klymenko hakuna aliyeshinda. Mna mama na mtoto, na mbao zenye makovu. Tarehe 24 Februari 2022 vita vilienea nchi nzima, na masanduku matupu yakazidi kuwa mengi. Ikoni hazikuvizuia vita hivyo, na itakuwa uongo kusema kwamba picha yaweza kuzuia mizinga. Iliyoweza ni kumfikisha mganga kwa majeruhi, na kumfanya mtu wa mbali asimame kidogo mbele ya ubao.

Wanafunzi wanaojifunza kuchora mara nyingi hutuuliza kama yafaa kufuata namna za wazee, au kama yawapasa kubuni mambo mapya. Twawajibu kwa mfano huu. Klymenko alijifunza desturi hata akaijua, ndipo akaipa kazi ya wakati wake, naye hakuhitaji kubadili ila ubao. Nabii Isaya alinena zamani habari za silaha kugeuzwa kuwa vyombo vya mkulima. Kazi hiyo huhitaji mhunzi, na mara nyingine, kama tulivyoona, huhitaji mchoraji.