Kinyesi cha Mbwa Kiondolewe Siku Hiyohiyo

Msikilizaji, mbwa akijisaidia mbele ya nyumba, wengi hukiacha kinyesi kikauke. Kikikauka, harufu huisha. Hatari haiishi.

Ndani yake huweza kuwemo mayai ya minyoo iitwayo toksokara. Mayai hayo huhitaji wiki mbili au zaidi udongoni ndipo yaambukize, kisha hudumu miezi mingi. Mtoto anayechezea udongo huo na kutia vidole mdomoni huyameza. Minyoo ikifika jichoni, inaweza kumharibia uwezo wa kuona. Vijinyoo vya safura ya mbwa navyo hupenya ngozi ya anayetembea peku, vikaacha mchirizi mwekundu, uliopindapinda, unaowasha hata usingizi ukakatika.

Kwa hiyo kinyesi kiondolewe siku hiyohiyo, kabla mayai hayajakomaa. Kizoe kwa koleo pamoja na udongo wa chini yake. Kitupe kwenye choo cha shimo, au kifukie mbali na kisima na bustani ya mboga. Usikisukume mtaroni kwa maji. Nawa mikono kwa sabuni.

Mbwa ni wa jirani? Mwambie kwa upole, mapema. Amfungie ndani ya ua, na amuulize daktari wa mifugo kuhusu dawa ya minyoo, hasa kwa watoto wa mbwa.