UNITI ILIYOOKOLEWA NI FAIDA YA NANI?

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama mmoja mbele ya mkutano wa tawi. Yachapwa hapa kwa ombi la waliohudhuria.)



Nimeombwa niseme juu ya umeme, na najua wengi wenu mlidhani nakuja kuwaambia mzime taa. Sikuja kwa hilo. Mtu anayenunua LUKU ya shilingi elfu mbili jioni hahitaji mhubiri. Mfuko wake wamhubiria kila siku. Swali langu ni jingine: huyu anayetuuzia umeme, yeye apata nini sisi tukitumia kidogo?

Tangu mwaka 1931, zama za ukoloni, umeme wa nchi hii ulikuwa mikononi mwa makampuni ya watu binafsi, na kazi ya kampuni ni kuuza. Mwaka 1964 Serikali yetu ilinunua hisa zao, na mwaka 1975 TANESCO ikawa yote mali ya umma. Hiyo ni heshima yetu, wala hapana mtu wa kutunyang'anya. Lakini kubadili mwenye mali si kubadili hesabu. Shirika la umma nalo hulipa mishahara, nguzo, nyaya na madeni kwa fedha za uniti zilizouzwa. Ukimwambia meneja wake awafundishe wateja kununua uniti chache, umemwambia akate tawi alilokalia. Atakubali kwa mdomo, atatoa vikaratasi vyenye picha, kisha mambo yatalala. Simlaumu. Hata mimi ningefanya hivyo kama mshahara wangu ungetoka huko.

Sasa tazameni walivyofanya California, katika Marekani. Sisemi ili kuwasifu Wamarekani, maana kwa kutumia ovyo wao ndio mabingwa. Lakini mwenye akili hujifunza hata kwa asiyempenda. Bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1973, watu wa jimbo lile walishtuka. Mwaka 1974 wakapitisha sheria ya kuunda tume ya nishati, na tume ile ikaweka masharti juu ya friji zinazouzwa madukani: friji lenye ulafi wa umeme lisiuzwe. Mtaalamu wao mmoja wa fizikia, Arthur Rosenfeld, aliacha utafiti wake wa chembe ndogo akaingia katika kazi hii ya kuokoa umeme, na watu wengi walimcheka.

Jambo kubwa kuliko yote lilikuja mwaka 1982. Walikata kamba iliyofunga mapato ya kampuni za umeme kwenye wingi wa uniti. Mambo huenda hivi. Msimamizi wa bei hukaa na kampuni na kupima: mwaka huu mwahitaji fedha kiasi gani kwa gharama zenu na faida ya halali? Kiasi hicho kikiisha kukubaliwa, kimekwisha. Kampuni ikiuza uniti nyingi ikapata zaidi, ile ziada hurudi kwa wateja kwa kupunguziwa bei baadaye. Ikiuza pungufu, bei huongezwa kidogo kufidia upungufu. Basi meneja hana tena sababu ya kuombea taa za watu ziwake mchana. Anaweza kupeleka fundi nyumbani kwako azibe matundu yanayopitisha joto, wala fundi yule hali mkate wa bwana wake.

Mwaka 1996 walipogeukia soko huria la umeme waliuacha mpango huo. Mwaka 2000 na 2001 bei kali na giza vikawakuta, na mwaka huo wa 2001 sheria ikaurudisha. Kwa miaka mingi tangu miaka ya 1970 matumizi ya mtu mmoja wa California yalikaa karibu na uniti 7,000 kwa mwaka, hali katika Marekani nzima yalipanda kufika karibu 12,000. Wapo wasemao kwamba hali ya hewa yao ni ya kadiri na viwanda vizito kwao ni vichache. Wana haki katika sehemu ya maneno yao. Sehemu tu.

Jirani zetu nao wamejaribu kwa njia nyingine. Baada ya ukame wa 2005 na 2006, Uganda iligawa bure balbu za kuokoa umeme zipatazo 800,000. Kenya nayo iligawa zaidi ya milioni moja mwaka 2010. Ni jambo jema, lakini balbu hufa, na mgao wa mara moja ni sadaka. Sisi twataka utaratibu.

Turudi nyumbani. Katika bei zilizotangazwa mwaka 2016, mteja mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo. Mteja wa kawaida hulipa 292. Bei ile ya 100 iliwekwa kwa ajili ya mnyonge. Je, yamfikia? Nendeni katika nyumba zetu za kupanga. Mwenye nyumba na wapangaji wawili, mita moja. Kila kaya hutumia uniti 40, jumla 120. Kila kaya ingekuwa na mita yake, wote watatu wangelipa shilingi 12,000 kwa mwezi. Kwa kuwa mita ni moja, wamekwisha kupita 75, wahesabiwa wateja wa kawaida, nao hulipa 35,040. Watu watatu maskini wamegeuzwa kuwa tajiri mmoja! Na juu ya hayo kuna ugomvi wa kila wiki: nani ana friji, nani apiga pasi usiku, nani hakuchanga.

Tena hesabuni taa. Balbu tano za kizamani za wati 60, zikiwaka saa tano kila usiku, hula uniti 45 kwa mwezi. Balbu tano za LED za wati 9 hazifiki uniti 7. Mnyonge hakosi kujua hayo; hukosa fedha ya kuanzia. Kwa sababu hiyo hiyo hununua friji la mtumba lililokwisha choka Ulaya, akalipa nafuu dukani na kulilipia tena kila mwezi katika LUKU.

Hapa ndipo shirika lingeweza kusaidia bila kutoa sadaka. Litoe balbu, jiko, hata friji jema kwa mkopo, likate kidogo kidogo mtu anunuapo umeme. Msiniambie haiwezekani. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa ndani ya LUKU, na mitambo haikugoma. Linalowezekana kwa kodi lawezekana kwa balbu.

Tena shirika lenyewe halipotezi sana. Mteja wa bei ya 100 akiokoa uniti moja, lakosa shilingi 100. Uniti ile ile akiinunua mwenye duka, lapata 292.

Najua swali lililo midomoni mwenu: bwawa la Rufiji limejengwa, megawati 2,115, tuokoe nini tena? Ndugu zangu, maji ya Rufiji hayapunguzi bili ya mpangaji wa mita ya pamoja. Na transfoma ya mtaa huzidiwa saa moja usiku hata bwawa likiwa limejaa. Kuokoa ninakosema si kukaa gizani. Mama aliyetoa uniti 38 katika taa zake aweza kuzitia katika jiko la umeme, akapunguza gunia la mkaa, na bado akabaki chini ya 75.

Basi naomba mkutano huu uandike kwa EWURA mambo mawili: kila kaya ya kupanga ipate mita yake kwa mkopo wa kukatwa ndani ya LUKU, na bei zitakapopangwa tena, mapato ya shirika yasipimwe kwa wingi wa uniti peke yake. Wenye nyumba za mita moja, njooni Jumamosi na risiti zenu za miezi mitatu. Katibu atakaa mezani tangu saa tatu asubuhi kuziandika.